Kuongeza Saketi na Soketi Mpya Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Nyumba wa Mombasa

Nyumba nyingi za Mombasa zilitiwa umeme wakati ambapo familia ilihitaji taa, redio, feni na pasi, kisha zikaongezewa friji, birika, mashine ya kufua na kiyoyozi bila waya kubadilishwa. Dalili ya kwanza ya kuzidiwa huonekana sakafuni: ekstensheni iliyochomekwa ndani ya ekstensheni nyingine, ikipita chini ya mkeka hadi chumba cha pili. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuziondoa ekstensheni hizo kwa kuweka soketi za kudumu, zenye waya wake na breka yake, yaani saketi mpya, katika mji ambao chumvi, unyevu na joto vina sauti kubwa katika kila uamuzi wa kazi hii.

Kwanza suala la sheria. Nchini Kenya kazi ya kufunga umeme hufanywa na fundi au mkandarasi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli iliyoundwa chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Mwenye nyumba anaweza kupanga, kununua vifaa, kuchimba ukuta, kulaza mabomba na kupaka plasta, na kazi hizo ndizo zinazochukua siku nyingi. Kuunganisha kwenye kisanduku cha breka na kupima mwishoni ni kazi ya mwenye leseni. Nitaeleza hatua zote, hata zile ambazo hutazifanya kwa mkono wako, kwa kuwa mtu asiyejua kazi inavyopaswa kufanywa hawezi kumsimamia fundi wala kujua amelipia nini.

Soma kilichopo kabla ya kuongeza

Keti na karatasi mbele ya kisanduku cha breka, bila kukifungua. Zima breka moja, zunguka nyumba nzima ukiandika taa na soketi zilizokufa, iwashe, kisha uende kwenye inayofuata. Ukimaliza utakuwa na ramani ambayo nyumba nyingi hazijawahi kuwa nayo, na mara nyingi utagundua mambo ya kushangaza, kwa mfano kwamba soketi ya jikoni na taa ya ua zimening'inizwa kwenye breka moja.

Andika pia mambo manne: ampea zilizoandikwa kwenye meni swichi, iwapo kuna nafasi tupu ya breka mpya, iwapo kuna RCD, yaani ile breka yenye kitufe cha majaribio ambayo hukata umeme unapovuja, na iwapo waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi, unaonekana ukitoka kwenye kisanduku kwenda nje. Ikiwa nyumba bado inatumia fyuzi za waya wa kusokota, badilisha kisanduku kizima kwanza. Saketi mpya juu ya kisanduku kibovu ni kuongeza ghorofa juu ya msingi uliopasuka.

Wapangaji katika nyumba za Kiswahili, ambazo vyumba hutazamana kwenye ukumbi mmoja na mita huwa ya pamoja, wanahitaji ridhaa ya mwenye nyumba, na ni vyema ridhaa hiyo iandikwe.

Piga hesabu ya mzigo

Umeme wa nyumbani Kenya ni volti 240. Ukigawanya wati za chombo kwa 240 unapata ampea zake. Pasi au birika la wati 2,000 huvuta ampea 8.3. Mikrowevu inayovuta wati 1,200 huchukua ampea 5, na kiyoyozi cha BTU 12,000 huwa karibu na hapo. Kichwa cha kuogea cha kupasha maji papo hapo, cha kilowati 5, huvuta karibu ampea 21 peke yake. Friji hutumia chini ya ampea 1 ikiwa imetulia, ingawa mota yake huvuta zaidi kwa muda mfupi inapoanza.

Sasa chukua jikoni asubuhi: birika limewashwa, mikrowevu inapasha mahamri ya jana, na pasi imechomekwa pembeni kwa ajili ya sare za shule. Jumla ni karibu ampea 22 kwenye saketi ya ampea 20. Breka haitakata mara moja, kwa kuwa imeundwa kuvumilia mzidisho mdogo kwa muda, lakini waya utakuwa unapata joto kila asubuhi kwa miaka. Kwa hiyo ninashauri jikoni pawe na saketi mbili za soketi, na friji ipewe ya kwake. Sababu ya friji kutengwa ni ya kawaida kabisa: birika lenye hitilafu likikata umeme usiku, samaki wa kwenye friza hawapaswi kuharibika kwa kosa lisilo lao.

Kiyoyozi, jiko la umeme na kichwa cha kuogea kila kimoja kiwe na saketi yake, na kiyoyozi kiwe na swichi ya kukata laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) kwa pamoja karibu na mashine.

Waya, breka na joto la darini

Desturi ya Kenya imetokana na ile ya Uingereza, ndiyo maana soketi zetu ni za miguu mitatu ya mraba. Taa hutumia waya wa 1.5 mm² na breka ya ampea 6 au 10. Soketi hutumia waya wa 2.5 mm², ama kwa njia moja inayoishia kwenye soketi ya mwisho na breka ya ampea 20, ama kwa duara linalorudi kwenye kisanduku na breka ya ampea 32. Kwa kuongeza saketi katika nyumba iliyokwisha kujengwa napendelea njia moja. Duara likikatika mahali fulani soketi zote huendelea kufanya kazi, hakuna anayejua, na waya wa 2.5 mm² unabaki ukilindwa na breka ya ampea 32 iliyo kubwa kuliko uwezo wake. Njia moja haina siri hiyo. Kwa kipimo cha kawaida inatosha eneo la sakafu lisilozidi mita za mraba 50.

Kanuni isiyovunjwa ni kwamba breka humlinda waya, kwa hiyo ampea za breka hazizidi uwezo wa waya ulivyo mahali ulipolazwa. Hapa ndipo Mombasa inapotofautiana na majedwali ya uwezo wa waya yanayotumiwa na mafundi. Majedwali yanachukulia joto la nyuzi 30. Waya wa 2.5 mm² ndani ya bomba hubeba ampea 24 katika hali hiyo. Kwenye nyuzi 40 uwezo huo huzidishwa kwa 0.87 na kubaki karibu ampea 21, na kwenye nyuzi 50 huzidishwa kwa 0.71 na kushuka hadi 17. Mtu yeyote aliyewahi kupanda darini chini ya mabati wakati wa kaskazi, saa nane mchana, anajua kwamba nyuzi 50 si jambo la kufikirika. Kwa hiyo waya unaopita darini chini ya mabati na kulindwa na breka ya ampea 20 unapaswa kuwa wa 4 mm², ambao hata kwenye nyuzi 50 hubakiwa na karibu ampea 23. Fundi akikuambia kwamba 2.5 ndiyo kawaida, anasema kweli kwa ukuta wenye kivuli.

Urefu nao huhesabiwa. Waya wa 2.5 mm² hupoteza milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita. Ukivuta ampea 20 hadi umbali wa mita 20 unapoteza volti 7.2, ambazo ziko ndani ya kiwango cha asilimia 5, yaani volti 12. Ukienda mita 40, hadi banda la nyuma kwa mfano, unapoteza volti 14.4 na umevuka mpaka. Kwa waya wa 4 mm² umbali huohuo hupoteza volti 8.8.

Ardhi na RCD, jambo ambalo halikwepeki

Ukilazimika kupunguza gharama, punguza idadi ya soketi, na usiguse sehemu hii.

Nyumba nyingi hutegemea fimbo yake ya ardhi, yaani fimbo ya chuma iliyofunikwa shaba, kwa kawaida ya mita 1.2, iliyopigiliwa karibu na ukuta. Mchanga mkavu wa pwani hupitisha umeme kwa shida, na chumvi hula kibano kinachoshika waya kwenye fimbo hadi kubaki kutu ya kijani. Tuseme njia ya kurudi kupitia ardhi ina ukinzani wa omu 100, jambo ambalo si geni kwenye mchanga. Waya wa laivu ukigusa bati la friji, umeme utakaopita ardhini ni 240 gawanya kwa 100, yaani ampea 2.4. Breka ya ampea 20 haitatikisika. Friji itaendelea kugandisha, bati lake likiwa na umeme unaoweza kumuua mtoto anayelifungua akiwa na miguu mitupu iliyolowa.

RCD ya miliampea 30 hulinganisha umeme unaoingia kwa laivu na ule unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika kiwango hicho hukata, na kwa kipimo cha kawaida haipaswi kuchukua zaidi ya milisekunde 300. Katika mfano wetu wa ampea 2.4 itakata papo hapo. Kila saketi mpya ya soketi, bila ubaguzi, iwe nyuma ya RCD ya miliampea 30. Ikiwa kisanduku chako hakina nafasi ya RCD ya pamoja, ziko breka zinazounganisha kazi zote mbili katika kifaa kimoja. Ni ghali zaidi, lakini hitilafu ya saketi moja haizimi nyumba nzima, na kwa maoni yangu zinastahili bei yake.

RCD haiondoi haja ya fimbo. Pima fimbo kwa kifaa cha kupimia ardhi, na ikizidi omu 200 usiitegemee, maana hali yake hubadilika baina ya masika na kiangazi. Ongeza fimbo ya pili iliyo mbali na ya kwanza kwa urefu usiopungua wa fimbo yenyewe, au chagua mahali penye udongo unaobaki na unyevu. Kibano kiwe cha shaba nyeupe au shaba tupu, kipakwe grisi, na kiwekwe ndani ya kijisanduku chenye mfuniko ili kiweze kukaguliwa. Kibano kilichozikwa na sakafu ya saruji hakikaguliwi na mtu.

Njia ya waya ukutani

Waya hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi, au huenda mlalo sawasawa na soketi hiyo. Haupiti mshazari, hata kama mshazari unaokoa mita mbili za bomba, kwa sababu atakayetoboa ukuta miaka 10 baadaye atakisia njia kwa kuangalia soketi ilipo.

Kina cha mchirizo wa wima kisizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na cha mlalo kisizidi sehemu moja ya sita. Kwa ukuta wa milimita 150 hiyo ni milimita 50 na milimita 25. Bomba la milimita 20 likihitaji na plasta juu yake, ni dhahiri kwamba mlalo katika ukuta mwembamba haufai, na njia nzuri ni kupandisha hadi darini na kushuka tena.

Mawe ya kukatwa ya matumbawe hukubali patasi kwa urahisi, pengine kwa urahisi mno, na kingo zake humeguka. Kata mistari miwili kwa grainda kwanza, kisha toa katikati kwa patasi, ukiwa umevaa barakoa na miwani. Katika nyumba za zamani za Mji wa Kale, zenye kuta nene za matumbawe na chokaa na dari za boriti, ningeacha kabisa kuchimba. Plasta ya chokaa hubomoka kwa vipande vikubwa, na ukiziba kwa saruji unyevu hunaswa nyuma yake hadi rangi ibambuke. Tumia mabomba ya juu ya ukuta, yaliyonyooshwa kwa pimamaji na kupakwa rangi ya ukuta. Aidha, Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya inapaswa kuulizwa kabla ya kubandika chochote kwenye uso wa nje wa jengo.

Urefu wa soketi kutoka sakafuni kwa kawaida ni baina ya milimita 300 na 450. Kwa nyumba za chini ambazo maji ya masika huingia, ziweke mita moja juu na usijali sura. Juu ya meza ya jikoni acha milimita 150. Bafuni usiweke soketi, isipokuwa iwe umbali usiopungua mita 3 kutoka mahali pa kuogea, jambo ambalo katika bafu zetu nyingi lina maana ya kutoweka kabisa.

Vifaa, na udanganyifu wa kuangalia dukani

Nunua waya wenye alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na usiishie kwenye alama. Omba kipande, menya ncha, kisha kwangua waya kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Hubeba umeme mdogo kuliko shaba ya unene huohuo, hulegea kwenye skrubu na huliwa haraka na hewa ya bahari. Rudisha bila mjadala.

Rangi: nyekundu au kahawia kwa laivu, nyeusi au bluu kwa nyutro, kijani au kijani chenye mstari wa manjano kwa ardhi. Chagua mfumo mmoja ulingane na uliopo nyumbani.

Kwa nyumba zilizo karibu na bahari, kama vile Nyali, Bamburi au ufuo wa Likoni, chukua maboksi ya plastiki badala ya yale ya bati, ambayo hupata kutu hadi skrubu zisitoke. Soketi za baraza na uani ziwe za kuzuia maji, za daraja la IP65, na tundu la kuingilia bomba liwe chini ya boksi, kamwe lisiwe juu.

Kulaza bomba na kuvuta waya

Laza bomba lote na ufunge maboksi yote kabla ya kuingiza waya hata mmoja. Baina ya boksi na boksi kusiwe na kona zaidi ya mbili za pembe mraba, vinginevyo waya utakwama. Bomba la milimita 20 linatosha nyaya tatu za 2.5 mm². Kwa nyaya nyingi zaidi chukua la milimita 25. Vuta nyaya tatu kwa pamoja, mmoja akivuta na mwingine akilisha taratibu, na uache sentimita 20 kamili za kila waya ndani ya kila boksi, kwa kuwa waya mfupi ndio chanzo cha maungio mabaya. Usiunge waya ndani ya bomba.

Kuzima na kuhakikisha

Zima meni swichi, tundika ilani na uwaambie walio nyumbani. Kumbuka kwamba nyaya zinazotoka kwenye mita kuja kwenye meni swichi zinabaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Hizo haziguswi. Ikiwa nyumba ina betri ya sola au jenereta, zima navyo pia, kwa sababu vinaweza kurudisha umeme kupitia upande usioutarajia. Kisha thibitisha: jaribu kipimo chako mahali unapojua pana umeme, pima unapotaka kufanya kazi, halafu urudi kukijaribu tena pale pa kwanza. Bisibisi yenye taa haitoshi kwa uthibitisho huu.

Kuunganisha

Menya waya kiasi cha kuingia kwenye tundu la skrubu, bila shaba kuonekana nje wala plastiki kubanwa ndani. Waya mmoja wa 2.5 mm² ukunjwe mara mbili ili skrubu iushike vizuri. Kaza, kisha uvute kila waya kwa mkono. Ukitoka, haukuwa umekazwa. Ukiangalia soketi kwa mbele, ardhi iko juu, laivu kulia, nyutro kushoto. Boksi likiwa la bati, nalo liunganishwe na waya wa ardhi.

Kwenye kisanduku, laivu huingia kwenye breka mpya, nyutro kwenye upau wa nyutro wa RCD ileile inayolinda breka hiyo, na ardhi kwenye upau wa ardhi. Nyutro ikiwekwa kwenye upau usio wake, RCD itakata mara tu utakapochomeka chombo, na hitilafu hii hupoteza saa nyingi za mafundi.

Ikiwa unachohitaji ni soketi moja tu ya ziada, unaweza kuchukua tawi kutoka kwenye soketi ya saketi iliyopo, mradi RCD ipo na hesabu ya mzigo inaruhusu. Katika saketi ya duara, soketi moja ya duara hutoa tawi moja pekee.

Vipimo kabla ya kuwasha

Umeme ukiwa umezimwa, fundi apime mwendelezo wa waya wa ardhi kutoka kisandukuni hadi kila soketi, kisha uimara wa ngozi ya waya kwa volti 500: matokeo baina ya laivu na nyutro, na baina ya kila mmoja na ardhi, yasiwe chini ya megaomu 1. Waya mpya mzuri hutoa namba kubwa kuliko hiyo kwa mbali. Ikiwa inakaribia 1, kuna maji bombani au waya uliochunwa, na kazi irudiwe. Vyombo vyote viwe vimechomolewa wakati huo, la sivyo volti 500 zitaviharibu.

Baada ya kuwasha, hupimwa mpangilio wa laivu na nyutro kwenye kila soketi, ukinzani wa njia ya ardhi, na muda wa RCD kukata kwa kifaa chake. Kitufe cha majaribio huonyesha kwamba mtambo wa ndani unafanya kazi, ila hakisemi lolote kuhusu fimbo yako. Kibonyeze hata hivyo, angalau mara moja kila miezi 6.

Kataa kumaliza malipo kabla ya kupewa cheti cha kukamilika kwa kazi chenye sahihi na namba ya leseni, pamoja na matokeo ya vipimo. Bandika jina la saketi mpya kando ya breka yake, na uweke mchoro wa njia za mabomba, wenye vipimo kutoka kwenye kona za ukuta, ndani ya mlango wa kisanduku.

Usiku wa kwanza washa mzigo wa kawaida kwa saa moja, kisha uguse uso wa soketi na plagi. Uvuguvugu kidogo kwa pasi unakubalika, lakini joto la kukufanya uondoe mkono, au harufu ya plastiki, ni skrubu iliyolegea. Baada ya mvua za masika ya kwanza mwite fundi akaze tena skrubu za kisandukuni na kukagua kibano cha fimbo.